Kipwe wa Uluguru: Umbo, Jina na Makao

Kumjua ndege ni mambo matatu. La kwanza ni kulijua umbo lake, yaani rangi, kimo, mdomo na sauti, hata asichanganywe na mwenziwe. La pili ni kumpa jina ambalo kila alisikiaye atafahamu kuwa ni yeye, wala si mwingine. La tatu ni kuyajua makao yake, yaani mahali alipo na mahali asipokuwapo. Mambo haya si lazima yaje pamoja. Katika milima ya Uluguru, iliyo juu ya mji wa Morogoro, yuko ndege ambaye umbo lake lilifika mikononi mwa wataalamu mwaka 1926, jina lake la kitaalamu likatolewa mwaka 1927, na makao yake yasipimwe sawasawa mpaka miaka sabini na zaidi ilipokwisha kupita. Ndege huyo ni Malaconotus alius, ambaye kwa Kiswahili cha siku hizi huitwa kipwe wa Uluguru. Historia yake inaonyesha jinsi elimu ya viumbe inavyotegemea lugha, na jinsi jina lisilotaja mahali linavyoweza kuificha haja ya kiumbe badala ya kuifunua.

Yafaa kutazama kwanza jinsi Kiswahili kinavyowagawa ndege. Mfano ulio wazi ni neno kwezi. Kwa matumizi ya kawaida kwezi ni ndege mweusi au wa rangi ya buluu iliyoiva, ambaye manyoya yake hung'aa juani, aendaye makundi makundi na kula matunda na wadudu. Jamaa yake ni kubwa, nayo imeenea Afrika, Asia na Ulaya. Hata maina, ndege wa Bara Hindi mwenye mwili wa kahawia na ngozi ya manjano kandokando ya jicho, ambaye aliletwa Unguja na watu akazaliana huko, ni wa jamaa hiyo hiyo. Jina moja basi lawatosha wengi, wala hapana kosa, maana mwenye shamba anayewafukuza hana haja ya kuwatenga.

Lakini mtu akiingia katika misitu ya juu ya Uluguru, neno hilo moja humwachia kazi. Humo wamo kwezi weusi wa aina mbili wanaofanana sana. Mmoja ana rangi ya kutu katika manyoya makubwa ya bawa, dume na jike vilevile, na jicho lake ni jekundu. Wa pili ni mdogo kidogo, mdomo wake mwembamba, jicho lake la kijivu. Dume wake hana rangi ile bawani, bali jike anayo. Kwa hiyo aonaye kwezi mweusi mwenye bawa jekundu akiruka juu ya miti hawezi kukata shauri mara moja: huenda ni aina ya kwanza, huenda ni jike wa aina ya pili. Wote wawili walitiwa katika maandishi ya kitaalamu na Mwingereza G. E. Shelley, wa kwanza mwaka 1880 na wa pili mwaka 1894, wakapewa majina ya Wazungu wawili, Waller na Kenrick. Hapa yaonekana desturi mbili za kutaja. Desturi ya lugha ya watu hukusanya wanaofanana chini ya jina moja. Desturi ya wataalamu hutenga kila aina, lakini jina litolewalo huweza kumsifu mtu asiyehusika na mlima wala msitu. Ya kwanza yafahamika na wote lakini haitengi. Ya pili hutenga lakini haifahamiki na wengi. Kisa cha kipwe chapaswa kusomwa kwa kuzikumbuka desturi hizi mbili.

Milima ya Uluguru husimama peke yake katika tambarare, yapata kilometa 200 kutoka Dar es Salaam kwa upande wa magharibi. Kilele cha Lupanga, chenye meta 2,138, kiko karibu kabisa na mji wa Morogoro, hata mtu aliye sokoni akiinua uso huuona msitu. Kilele kirefu kuliko vyote, Kimhandu, kiko kusini, nacho chapita meta 2,600. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hugonga mteremko wa mashariki na kuacha mvua nyingi, na kwa sababu hiyo msitu wa upande huo ni mnene na wa unyevu kuliko ule wa magharibi. Milima hii ni sehemu ya safu kuukuu inayoanzia Taita nchini Kenya, ikapita Upare, Usambara na Nguru, mpaka Udzungwa. Kila mlima katika safu hiyo ni kama kisiwa: msitu wake umezungukwa na nchi kavu ambayo ndege wa msitu wa juu hawaivuki kwa urahisi. Ndiyo maana viumbe wengi wa milima hiyo hawapatikani mahali pengine po pote duniani.

Wasomi wa Ulaya walianza kuufahamu utajiri huo wakati wa utawala wa Wajerumani. Franz Stuhlmann alikusanya mimea huko mwaka 1894. Reli itokayo Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na tangu hapo safari iliyokuwa ya siku nyingi kwa miguu ikawa ya muda mfupi. Mwaka 1909 serikali ya Kijerumani ilipiga mipaka ya msitu wa hifadhi katika sehemu za juu za mlima. Mipaka ile iliwekwa kwa amri, nayo iliwafungia Waluguru ardhi waliyokuwa wakiihesabu kuwa ya koo zao. Lakini pia ndiyo iliyoacha kichwa cha mlima kikiwa na miti mpaka leo. Neno hili lina uzito katika kisa hiki, kwa kuwa kipwe anaishi ndani ya mipaka ile.

Aliyemfikisha kipwe kwa wataalamu ni Arthur Loveridge, mtu wa Wales aliyezaliwa mwaka 1891. Alikuja Nairobi mwaka 1914 kuwa mtunzaji wa makumbusho, akapigana katika Vita Kuu ya Kwanza, na baada ya vita akafanya kazi katika idara ya wanyama ya Tanganyika. Penzi lake kubwa lilikuwa nyoka, mijusi, vinyonga na vyura, lakini hakuwaacha ndege. Mwaka 1922 Ernst Hartert alimwandika chozi wa Uluguru ambaye hakuwa amejulikana kwa wataalamu, akampa jina la Loveridge. Mwaka 1924 Loveridge alikwenda Marekani kufanya kazi katika makumbusho ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Harvard, na mwaka 1926 akarudi Tanganyika kwa ajili ya makumbusho hayo, akapanda Uluguru.

Vituo vya safari ile vilikuwa vijiji vya mlimani, kama vile Nyange, Nyingwa, Vituri na Bagilo. Ilikuwa hapo Bagilo, upande wa mashariki, alipopatikana ndege mkubwa wa manjano mwenye kofia nyeusi. Msafiri aliyekuja kwa ajili ya vyura na vinyonga asingaliweza peke yake kuvijua vijia, nyakati na miti ya mahali pale. Kazi ya namna hiyo ilisimama juu ya wapagazi, wawindaji na vijana wa vijijini walioleta wanyama kambini. Majina ya watu hao hayakuingia katika majina ya viumbe. Chozi ana jina la Loveridge. Ndege mwingine mdogo wa msitu ule, aliyeandikwa na R. E. Moreau mwaka 1938, ana jina la Winifred, mkewe Moreau. Hapana kati ya hao anayeitwa kwa jina la Mluguru.

Ngozi ya ndege wa Bagilo ilipelekwa Marekani, na mwaka 1927 Herbert Friedmann akaiandika kuwa ni ya aina mpya, akaiita Malaconotus alius. Jina hili lastahili kufasiriwa mbele ya watu wa lugha. Sehemu ya kwanza, ambayo ni ya kundi zima, imetoka katika Kiyunani, nayo maana yake ni mwenye mgongo mwororo, kwa sababu ya manyoya laini ya mgongoni. Sehemu ya pili ni neno la Kilatini lenye maana ya mwingine. Jina lote basi lasema: mwenye mgongo mwororo, mwingine. Kwa mtu aliye mbele ya meza ya makumbusho, akizilinganisha ngozi za aina nyingi za jamaa ile, neno mwingine lina maana kamili. Lasema kwamba huyu hakuwamo katika hesabu ya kwanza. Lakini kwa mtu aliye Morogoro halimwambii lo lote. Halitaji mlima, wala msitu, wala kofia nyeusi, wala sauti. Kila ndege ni mwingine kwa mwenziwe.

Umbo lake ni hili. Kipwe wa Uluguru ni ndege mkubwa katika jamaa yake, mwenye mdomo mnene mweusi uliopinda nchani kama kulabu kidogo. Utosi ni mweusi, na weusi huo hushuka mpaka chini ya jicho na nyuma mpaka kisogoni. Mgongo, mabawa na mkia ni rangi ya majani mabichi. Koo na tumbo ni manjano, na ubavuni manjano hayo huchanganyika na ukijani.

Ndege wawili wa jirani huweza kumdanganya mtazamaji. Wa kwanza ni kipwe mkubwa mwenye kichwa cha kijivu, akaaye katika miti ya nyika na miombo chini ya mlima, ambaye mlio wake ni mluzi mrefu wa huzuni. Huyo hana kofia nyeusi, wala si ndege wa msitu wa juu. Wa pili ni kipwe mdogo aliye ndani ya msitu ule ule. Yeye ana barakoa nyeusi usoni, lakini utosi wake ni wa kijivu na mwili wake ni mwembamba zaidi. Kwa hiyo alama ya kukata shauri ni utosi: ukiwa mweusi wote, na mgongo wa kijani, na ndege ni mkubwa, hapana shaka ni kipwe wa Uluguru.

Alama hiyo yaeleweka kwa aliyeshika ngozi mkononi, lakini msituni si rahisi kuiona. Ndege huyu hukaa juu kabisa katika vilele vya miti mirefu, akitafuta wadudu kati ya majani na matawi yaliyofunikwa kuvumwani. Rangi ya mgongo wake ni rangi ya majani, na rangi ya tumbo lake hupotea katika mwanga upenyao juu. Mtu aliye chini, katika ukungu na matone, aweza kukaa siku nyingi asimwone, hali ndege yuko juu ya kichwa chake. Ndiyo sababu baada ya 1926 alionekana mara chache tu kwa miongo mingi. Wataalamu walikuwa na ngozi na jina. Walilokosa ni sikio. Mwenye kutaka kumpata kipwe huyu lazima ajifunze mlio wake kwanza, kisha atafute kwa macho pale sauti inapotoka.

Jambo la makao lilipata jibu lenye hesabu katika uchunguzi wa miaka ya 1999 na 2000, ulipofanywa wakati wa kazi ya kuhifadhi milima ya Uluguru. Wachunguzi walipita katika msitu kwa njia zilizopangwa, wakitegemea sikio zaidi kuliko jicho, wakakadiria kuwa katika msitu wa hifadhi wa Uluguru Kaskazini, wenye eneo la kilometa za mraba 84 hivi, walikuwamo vipwe jozi 1,200 hivi. Hesabu hii ina pande mbili. Upande mmoja ni wa furaha, kwa kuwa ndege aliyedhaniwa kuwa haba mno alionekana kuwa wa kawaida mahali pake. Upande wa pili ni wa hofu, kwa kuwa mahali pake ni hapo tu. Ndege wote wa aina hiyo waliojulikana duniani walikuwa katika msitu ambao mtu mwenye nguvu aweza kuuzunguka kwa siku chache.

Hapo pana swali ambalo jina la Kilatini halikulisaidia. Milima ya Uluguru ina misitu miwili mikubwa, wa kaskazini na wa kusini, na kati yake kuna bonde la Bunduki. Msitu wa kusini ni mkubwa kuliko wa kaskazini, nao huinuka mpaka uwanda wa Lukwangule. Chozi wa Loveridge yupo pande zote mbili, lakini kipwe hajathibitishwa kuwako kusini, ingawa ametafutwa. Msitu ulioziunganisha pande hizo mbili huko Bunduki ulikatwa kwa ajili ya mashamba katika karne ya 20. Kwa hiyo hata kama msitu wa kusini ungefaa kwa kipwe, njia ya kupitia imefungwa.

Kwa habari ya kutokuwapo yafaa kuwa na hadhari. Huko Kameruni, juu ya mlima Kupe, yuko ndugu wa kipwe wetu aliyepatikana na William Serle mwaka 1949. Hakuonekana tena na wataalamu mpaka mwaka 1989, miaka arobaini baadaye, na kisha akapatikana hata nje ya mlima ule aliopewa jina lake. Mfano huo wafundisha kwamba kusema ndege hayuko ni neno zito kuliko kusema yuko. Aliyemwona mara moja amekwisha kuthibitisha kuwapo kwake. Asiyemwona lazima aeleze alitafuta kwa muda gani, na kwa njia gani. Lakini mfano huo hautoi ruhusa ya kulegea. Mwenye akiba moja haitumii kwa kutumaini kwamba huenda nyingine imefichwa mahali.

Tena makao ya kipwe hayawezi kuelezwa bila kuwataja watu. Waluguru hawakuja mlimani jana. Jina lao lenyewe limetokana na neno la mlima, na ardhi yao iligawanywa kwa koo zinazofuata upande wa mama. Watu walipoongezeka na msitu wa juu ukawa umefungwa kwa mipaka ya 1909, mashamba yaliongezeka katika miteremko ya chini. Katika miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza ilileta mpango wa matumizi ya ardhi wa Uluguru, ukiwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Mwaka 1955 watu wa Matombo na kwingineko walikataa kwa nguvu, kukawa na machafuko, na mpango ule ukaachwa. Sababu za wakulima zilikuwa na maana: kazi ilikuwa nzito, matuta mengine yaliuleta juu udongo usiozaa, na amri haikutoka kwa wenye ardhi. Historia hiyo yaonya kwamba hifadhi iliyowekwa bila ridhaa huacha kidonda, hata ikiwa nia yake ni njema.

Mwaka 2008 misitu ya kaskazini, kusini na Bunduki iliunganishwa kisheria kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, yenye zaidi ya hekta 24,000. Kuingizwa kwa Bunduki kuna maana kubwa kwa kipwe, maana ndipo palipokatika njia. Tena msitu huo si wa ndege tu. Vijito vyake huingia mto Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa Dar es Salaam. Mtu wa Kariakoo afunguaye bomba hana habari ya kipwe, lakini wote wawili hutegemea miti ile ile.

Limebaki jambo la jina. Kiswahili kilikuwa na majina ya ndege waonwao njiani na shambani, kama kwezi na chozi, lakini ndege wa vilele vya miti ya msitu wa juu hawakuwa na njia ya kuingia katika kamusi zilizoandikwa pwani. Kamusi nyingi, hata zinapotaja ndege, humwambia msomaji kuwa ni aina ya ndege tu. Kwa upande wa mimea hali ilikuwa nafuu kidogo. Padre Charles Sacleux, ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka mwaka 1939, alikuwa pia mjuzi wa mimea, akatia majina ya Kilatini kando ya majina ya miti. Ndege walihitaji mtu wa namna hiyo.

Jina kipwe wa Uluguru limeundwa kwa njia iliyo ya asili katika Kiswahili: jina la jamaa kwanza, kisha mahali. Lina faida ambayo Malaconotus alius halina. Kwanza, lamweka ndege pamoja na ndugu zake, kama neno kwezi linavyofanya. Pili, lamtenga nao, kama mtaalamu atakavyo. Tatu, lasema anakaa wapi, na hivyo ladokeza haja yake: msitu ukiisha Uluguru, hakuna Uluguru nyingine ya kumhamishia. Jina la kitaalamu litabaki, maana ndilo linalowafunga wataalamu wa nchi zote katika mapatano mamoja. Lakini mtu wa Kinole au Mgeta anayeshauriana na bwana misitu juu ya mpaka wa shamba hatasema habari za alius. Atasema habari za kipwe, au kwa jina la lugha ya nyumbani kwake, na jina hilo la nyumbani lastahili kukusanywa na kuandikwa kando ya la Kiswahili kabla wazee walijualo hawajaondoka.

Kazi hiyo ni ya watu wa lugha kama ilivyo ya watu wa ndege. Mtaalamu wa ndege akifika mlimani bila majina ya wenyeji hupoteza msaada wa macho na masikio yaliyoujua msitu kabla yake. Mtunga kamusi akikaa na majina bila kumwona ndege ataandika aina ya ndege na kunyamaza. Friedmann alipomwita ndege wa Bagilo mwingine, alisema kweli kwa kadiri alivyomjua, kwa kuwa mbele yake palikuwa na ngozi, wala hapakuwa na msitu. Tangu wakati huo msitu umehesabiwa, sauti imejulikana, na Kiswahili kimempa jina linalotaja makao yake. Ikiwa jina hilo litaendelea kuwa la ndege aliye hai au la ngozi iliyo kabatini, hilo litaamuliwa juu ya mlima wenyewe, pale mpaka wa msitu unapokutana na mpaka wa shamba.